Mkanda wa Ndege na Mkanda wa Ubingwa: Bondia Muislamu Anayehubiriwa Kanisani Kila Kukicha

Huenda hii umeshaisikia ukiwa umekaa kwenye kiti cha plastiki Jumapili saa nne asubuhi. Mchungaji yuko katikati ya somo la kiburi, nusu ya kanisa inachungulia simu, wengine usingizi umeshawabeba. Mara anashusha sauti na kuanza: kulikuwa na bondia mmoja, maarufu kuliko wote duniani... Simu zinafungwa. Hata yule kijana wa kwenye mitambo ananyanyua kichwa.

Kisa chenyewe kiko hivi. Muhammad Ali, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, amepanda ndege. Mhudumu anapita kukagua abiria, anamkuta bingwa ametulia tu, mkanda hajafunga. Anamwomba afunge. Ali anamjibu kwamba Superman hahitaji mkanda. Dada wa watu wala habababiki, anamrudishia hapo hapo: Superman hahitaji hata ndege. Bingwa akafunga mkanda wake kimya.

Kanisa linacheka, mchungaji anafungua Mithali 16:18, ujumbe umefika. Mtu aliyebeba mkanda wa ubingwa wa dunia ameshindwa na mkanda wa kiti cha ndege. Kwa Kiswahili kisa kinanoga zaidi kuliko hata kwa Kiingereza, maana kwetu mikanda yote miwili ina jina moja.

Kisa hiki kimezunguka miaka mingi kwenye mahubiri, kwenye vitabu vya mifano ya wahubiri, na siku hizi kwenye klipu za dakika moja. Mhusika wake mkuu ni Muislamu aliyelelewa Mbaptisti, na maisha yake yana mafunzo mazito kuliko hayo. Tatizo ni kwamba mengi yameachwa nje ya mimbari.

Kisa kisicho na tarehe

Ukikichunguza kisa cha mkanda utagundua kitu: hakina tarehe. Hakina namba ya safari wala jina la shirika la ndege, na yule dada aliyemnyamazisha bingwa hana jina. Mwaka 1985 kilichapishwa Marekani kwenye mkusanyiko mkubwa wa visa vya watu maarufu uliohaririwa na Clifton Fadiman, na humo kina mistari michache tu. Vitabu vya aina hiyo ni kama stoo kwa mhubiri. Jumamosi usiku, somo lipo ila mfano haupo, unafungua herufi A, unampata Ali.

Watu wanakiamini kwa sababu kinafanana na mdomo wa Ali. Jamaa alikuwa anajisifu mbele ya kamera, anatabiri raundi atakayomwangusha mpinzani, anajiita mzuri na mkuu kuliko wote. Ila sasa, kuna kisa kingine cha Ali na ndege, na hiki kina mwaka, kina mji, na kina watu wanaojulikana.

Ni 1960. Bado anaitwa Cassius Clay, ana miaka 18, na amechaguliwa kwenda Olimpiki ya Roma. Kijana anakataa kwenda. Sababu? Anaogopa ndege. Aliyemfundisha ngumi tangu utotoni, polisi wa Louisville aliyeitwa Joe Martin, ikabidi amkalishe chini waongee kwa masaa mpaka akubali. Na hata alipokubali, kwa mujibu wa mtoto wa Martin, alipitia kwanza kwenye duka la vifaa vya jeshi akanunua parashuti, akapanda nalo ndege likiwa mwilini. Ndege ilipoanza kutikisika, bingwa mtarajiwa alikuwa kwenye njia ya katikati, na parashuti lake mgongoni, anasali.

Yaani huyo anayehubiriwa kama mtu asiyetaka kufunga mkanda ndiye aliyewahi kujifunga parashuti zima! Alirudi kutoka Roma na medali ya dhahabu.

Majivuno yalikuwa kazi

Kwa hiyo yale majivuno yalitoka wapi? Mengine alizaliwa nayo, hilo halina ubishi. Lakini mengine aliyajifunza kama fundi anavyojifunza kazi. Mwaka 1961, akiwa Las Vegas kwa pambano, alikutana na mcheza mieleka aliyejiita Gorgeous George, mzee mwenye nywele za kupaka rangi aliyekuwa anajisifu mpaka watu wanamzomea. Kijana akaona ukumbi umejaa. Wengi wamelipa kiingilio kwa sababu wanataka kumwona huyo mwenye mdomo akipigwa. Tangu hapo mdomo wake ukawa sehemu ya biashara.

Hii haimaanishi kwamba Ali hakuwa na kiburi. Alikuwa nacho, na huko mbele kilimuumiza mtu kweli kweli. Ila kiburi chake halisi hakikuwa kwenye utani na mhudumu wa ndege. Mhubiri anayeishia hapo anakuwa amepiga ngumi hewani.

Na usemi huo wa kupiga hewa wala hautoki kwenye gym ya mtaani. Unatoka kwa Mtume Paulo.

Ngumi zilianza kuhubiriwa zamani

Wapo wanaolalamika kwamba wachungaji wa siku hizi wanaleta michezo kanisani. Kumbe jambo hili lina umri wa karibu miaka elfu mbili. Paulo aliwaandikia Wakristo wa Korintho, mji uliokuwa jirani na uwanja wa michezo ya Isthmia, iliyofanyika kila baada ya miaka miwili. Ngumi zilikuwemo, mikono ikifungwa kamba za ngozi badala ya glavu, na mshindi alivishwa taji la majani tu. Watu wa Korintho walijua bondia ni nini, hawakuhitaji kuelezwa.

Ndiyo maana katika 1 Wakorintho 9:26-27 anajifananisha na bondia asiyerusha ngumi ovyo. Na neno la Kigiriki analotumia kwenye mstari wa 27, pale anapozungumzia kuutesa mwili wake, asili yake ni kumpiga mtu chini ya jicho. Ni lugha ya ulingoni kabisa.

Lakini angalia Paulo anampiga nani. Anajipiga mwenyewe. Anaogopa kwamba baada ya kuwahubiria wengine, yeye mwenyewe asije akakosa sifa. Mfano wa ngumi ulipoingia kwa mara ya kwanza kwenye mafundisho ya Kikristo, aliyekuwa anachapwa ni mhubiri. Leo mara nyingi anayechapwa ni mtu ambaye hayupo, wa dini nyingine, na hawezi kujibu. Hiyo ni tofauti kubwa.

Swali la mtoto wa mchora picha

Ali alizaliwa Louisville, Kentucky, tarehe 17 Januari 1942. Mama yake, Odessa, alikuwa Mbaptisti aliyempeleka mwanawe kanisani kila Jumapili. Baba yake alikuwa mchoraji: mabango ya biashara barabarani, na picha za kwenye kuta za makanisa. Yaani huyu mtoto alikulia kanisani, na ndani ya baadhi ya makanisa ya mji wake kulikuwa na kazi ya mikono ya baba yake.

Baadaye alisimulia mara nyingi, hata kwenye televisheni ya Uingereza mwaka 1971, kwamba alipokuwa mdogo alimuuliza mama yake maswali. Kwa nini Yesu ni mweupe? Kwa nini malaika wote ni weupe? Watu weusi wakifa wanakwenda wapi? Alikuwa anayauliza kwa utani, watu wanacheka, lakini swali lilikuwa zito. Louisville ya wakati ule ilikuwa na sehemu za weupe na sehemu za weusi, na mtoto alikuwa anaona kwamba hata mbinguni pamechorwa hivyo hivyo.

Februari 25, 1964, akamshangaza Sonny Liston pale Miami Beach na kuwa bingwa akiwa na miaka 22. Siku zilizofuata akatangaza kwamba amejiunga na Nation of Islam, na muda si mrefu Cassius Clay akawa Muhammad Ali. Mwaka 1975, baada ya kiongozi wa kundi hilo Elijah Muhammad kufariki, akahamia kwenye Uislamu wa Sunni, akabaki humo mpaka mwisho.

Kwa mhubiri, hapa kuna somo zima: kijana aliyelelewa kanisani aliuliza swali, na jibu hakulipata kanisani. Somo hilo halichekeshi, na linamgusa aliyeshika kipaza sauti moja kwa moja. Labda ndiyo maana kisa cha mkanda kimesafiri zaidi.

Mhubiri aliyemtumia vizuri

Sasa twende kwa mtu aliyemtaja Ali kwenye mimbari na akaweka historia.

Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, hakufurahishwa na Ali alipojiunga na Nation of Islam mwaka 1964. Kundi lile lilihubiri weusi kujitenga na weupe, na King alikuwa anapigania kinyume chake, hivyo alimkosoa wazi wazi. Kiimani na kisiasa walikuwa pande mbili tofauti.

Miaka mitatu ikapita. Mwisho wa Machi 1967 wawili hao walikutana Louisville, wakaongea, wakatoka mbele ya waandishi wakitaniana kama ndugu. Tarehe 28 Aprili 1967, huko Houston, jina la Ali likaitwa ili apige hatua mbele na kuingia jeshini wakati wa vita ya Vietnam. Hakusogea. Wakaita tena, akabaki pale pale. Siku hiyo hiyo akaanza kunyang'anywa leseni na ubingwa. Juni akahukumiwa miaka 5 jela na faini ya dola 10,000, akabaki nje kwa rufaa. Alikaa miaka mitatu na nusu bila kupigana, kuanzia umri wa miaka 25 hadi 28, ile miaka ambayo bondia huwa kwenye ubora wake. Juni 28, 1971, Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu kwa kura 8 kwa 0.

Katikati ya moto huo, wiki ile ile ya mwisho wa Aprili, King alisimama kwenye kanisa lake la Ebenezer, Atlanta, akahubiri kuipinga vita. Ndani ya mahubiri hayo akamtaja Ali. Aliliambia kanisa kwamba mtu anaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu dini ya yule bwana, lakini ujasiri wake lazima uheshimiwe, kwa sababu ameacha umaarufu na mamilioni ya dola ili asimame na dhamiri yake.

Linganisha na kisa cha mkanda. King alichukua tukio lenye tarehe, la mtu aliye hai, ambalo lilikuwa linamgharimu mtu huyo wakati ule ule. Hakumgeuza Mkristo wala hakuificha dini yake; aliitaja na kuikubali kama ilivyo. Na mfano ulimgharimu mhubiri pia, maana kuipinga vita kulimletea King maadui wapya na kumpotezea marafiki wa zamani. Kanisa lilipewa mfano uliouliza swali: wewe ungeacha nini?

Dhambi yenye jina: Joe Frazier

Turudi kwenye kiburi, maana hapa ndipo mhubiri ana haki ya kugonga meza.

Joe Frazier alitoka Beaufort, South Carolina, familia ya wakulima maskini, Mbaptisti. Ali alipofungiwa, Frazier alimsaidia, na aliwahi hata kumpa fedha. Waliporudi kuwa wapinzani, Ali alimgeuka. Alimwita kibaraka wa wazungu. Kabla ya pambano la tatu, Manila, Oktoba 1, 1975, alimwita sokwe na kutembea na mdoli wa sokwe mfukoni, anaupiga mbele ya waandishi huku wanacheka. Mtu mweusi anamwita mweusi mwenzake sokwe, dunia nzima inaangalia, na watoto wa Frazier wanaenda shule kesho yake.

Pambano lenyewe lilikuwa la kufa na kupona. Baada ya raundi ya 14, macho ya Frazier yakiwa yamevimba haoni, kocha wake Eddie Futch akakataa kumruhusu arudi ulingoni. Ali akashinda, kisha akaanguka kwa uchovu. Frazier alibaki na kinyongo kwa miaka mingi, na hakukificha.

Mwaka 2001 Ali aliomba radhi kupitia gazeti la New York Times, akakiri kwamba alisema maneno yasiyofaa. Frazier kuna siku alisema amesamehe, kuna siku kidonda kilifunguka tena. Msamaha wa kweli ndivyo ulivyo, hauishi kwa dakika tatu za kisa.

Frazier akafariki Novemba 2011. Ibada ya mazishi ilifanyika Philadelphia, kwenye kanisa la Kibaptisti la Enon Tabernacle. Ali alikwenda. Alikuwa na miaka 69, ugonjwa wa Parkinson uliogundulika mwaka 1984 ulikuwa umemmaliza sauti na unamtetemesha mwili. Mchungaji Jesse Jackson alipowaomba watu wasimame wamwonyeshe Joe upendo, Ali akasimama kwa msaada wa waliokuwa naye, akapiga makofi.

Mtu aliyeishi kwa mdomo, hana tena mdomo, amesimama kanisani kumpigia makofi mtu aliyemtukana. Kama mchungaji anatafuta mfano wa kiburi na kushuka kwake, huu hapa. Una jina, una mahali, na ulitokea ndani ya kanisa.

Aliyepigwa akawa mhubiri

Halafu kuna bondia ambaye hakusubiri wachungaji wamhubiri. Alihubiri mwenyewe.

Oktoba 30, 1974, Kinshasa. George Foreman, bingwa asiyepigika, alifika Zaire na mbwa mkubwa wa aina ya German Shepherd, wakati Wakongo walikuwa bado wanawakumbuka mbwa kama hao kwa polisi wa Wabelgiji. Mji mzima ukawa wa Ali. Ali akaegemea kamba, akamwacha Foreman arushe ngumi mpaka achoke, na raundi ya 8 akamwangusha. Kisa hiki nacho kinapendwa mimbarini kama mfano wa uvumilivu. Sawa, lakini wanaokisimulia mara nyingi wanamwacha Foreman pale chini.

Foreman aliinuka akiwa na hasira za miaka mitatu. Machi 17, 1977, San Juan, Puerto Rico, akapigwa kwa pointi na Jimmy Young. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, joto kali na mwili umekwisha, alisema alijiona anakufa, ametupwa kwenye giza tupu lisilo na kitu, kisha akaokolewa. Alisimulia kwamba aliona damu mikononi na kwenye paji la uso wake, akaanza kupiga kelele kwamba Yesu amekuja hai ndani yake. Waliokuwepo walidhani amechanganyikiwa.

Akaacha ngumi kwa miaka kumi. Akahubiri barabarani, akaanzisha kanisa dogo Houston, na mwaka 1984 akafungua kituo cha vijana. Fedha za kituo zilipokauka, mwaka 1987 akarudi ulingoni, mnene, upara, anatabasamu. Novemba 5, 1994, Las Vegas, akiwa na miaka 45, nyuma kwa pointi, akamwangusha Michael Moorer raundi ya 10. Alikuwa amevaa bukta ile ile ya Kinshasa. Kwenye kona yake alikuwepo Angelo Dundee, yule yule aliyekuwa kona ya Ali miaka 20 kabla. Foreman akapiga magoti akasali.

Hapo mimbari inapata moto: okoka, utarudishiwa mkanda wako! Subiri kwanza. Kati ya 1977 na 1994 kuna miaka 17. Na ndani ya miaka hiyo Foreman, akiwa mchungaji kamili, alipigwa mara mbili kwenye mapambano ya ubingwa: Aprili 1991 na Evander Holyfield, Juni 1993 na Tommy Morrison.

Tena hilo la 1991 ni zuri sana kwa wanaopenda kuhubiri ushindi. Holyfield naye ni mlokole, maarufu kwa kuandika Wafilipi 4:13 kwenye mavazi yake ya ulingoni. Wakristo wawili, wote wanasali, ulingo mmoja, raundi 12. Mungu alikuwa kwenye kona ya nani?

Na huo mstari wenyewe, ukirudi nyuma kidogo kwenye sura ile ile, Paulo anaandika akiwa kifungoni, anaeleza kwamba amejifunza kuishi akiwa ameshiba na akiwa na njaa. Hazungumzii kumwangusha mtu. Holyfield aliyekuja kupoteza jumba lake kubwa la Georgia kwa madeni anaufaa mstari huo kuliko Holyfield mwenye mkanda begani, ila huyo wa madeni hawekwi kwenye bango la kongamano.

Siku Ali alipofunga mkanda Dar es Salaam

Kwa wadau wa Bongo, kuna kisa cha Ali kilichotokea nyumbani ambacho kingefaa kabisa kuchukua nafasi ya kile cha mhudumu wa ndege.

Februari 1980, Rais Jimmy Carter wa Marekani alimtuma Ali Afrika kuzishawishi nchi zisusie Olimpiki ya Moscow, baada ya Urusi ya wakati ule kuingia Afghanistan. Kituo cha kwanza: Dar es Salaam. Mapokezi ya watu yalikuwa makubwa, nani hakutaka kumwona Ali? Lakini Mwalimu Nyerere hakukubali kukutana naye. Suala zito la nchi kwa nchi, na Marekani imemtuma bondia.

Kwenye mkutano na waandishi mambo yakawa magumu zaidi. Waliuliza: mwaka 1976 nchi za Afrika zilipoisusia Montreal kwa sababu ya New Zealand kucheza raga na makaburu, Marekani ilikuwa wapi? Na wakati Urusi inasaidia wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, Marekani ilikuwa upande gani? Ali, ambaye hajawahi kukosa jibu, alikosa. Lakini hakujifanya anajua. Alikiri hadharani kwamba mambo mengine hakuambiwa kabla ya kutumwa, na kwamba huenda anatumika kwa jambo lisilo sawa. Kisha akaendelea na safari yake, Kenya na kwingineko, akiwa amepungua kidogo.

Huko ndiko kufunga mkanda. Mtu mkubwa kuliko wote anaambiwa ukweli mbele ya kamera na anasema, kwa kweli hilo sikulijua. Viongozi wangapi wanaweza hilo, wa serikali au wa kanisa?

Mimbari ya mwisho

Ali alifariki Juni 3, 2016. Wiki moja baadaye Louisville ikamzika. Ibada aliipanga mwenyewe kabla ya kufa, na alitaka dini mbalimbali ziwepo. Walikuwepo Waislamu, Wayahudi, Wabudha. Mmoja wa waliozungumza alikuwa mchungaji wa Kibaptisti wa mji huo huo, Kevin Cosby, akahubiri juu ya bondia Muislamu mbele ya dunia nzima.

Cosby hakumbatiza marehemu kwa nguvu. Alieleza jinsi Ali alivyowapa watu weusi hisia kwamba wao ni watu, wakati ambapo kila kitu kiliwaambia vinginevyo, na akakumbusha kwamba ingawa sasa kila mtu duniani anasema Ali ni wake, ni mapambano ya watu weusi yaliyomzaa. Yule mtoto aliyeuliza kwa nini malaika wote ni weupe alipata jibu lake kutoka kwa mchungaji, zaidi ya nusu karne baadaye, akiwa ameshazikwa.

Kisa cha mkanda wa ndege kitaendelea kusimuliwa, na hakuna ubaya watu wakicheka Jumapili. Kisimuliwe kama kisa. Lakini mchungaji akishamaliza kuwachekesha watu kwa jina la Ali, ana deni. Amekopa jina la mtu aliyetetemeka kwenye ndege na parashuti mgongoni, aliyepoteza miaka yake bora kwa ajili ya dhamiri, aliyemtukana rafiki na kuja kumsimamia kanisani. Mtu wa namna hiyo, wa dini yoyote ile, anastahili asimuliwe mpaka mwisho.